Povu la Magadi

Mume wangu alikuwa na vidole vyeusi. Si vyote, ni vitatu vya mkono wa kulia, na weusi wake haukuwa wa masizi wala wa udongo. Ulikuwa wa dawa. Kiwandani kwao, mjini Moshi, walisindika maharage ya makopo, nyama ya makopo na sosi ya nyanya, na kazi yake ilikuwa kupima chumvi na dawa ya kuzuia chakula kisioze kabla mzigo haujatoka. Dawa ya kupimia chumvi ilikuwa na madini ya fedha ndani yake. Ikikudondokea huoni kitu, ila ukitoka nje juani ngozi inageuka nyeusi, na hakuna sabuni ya kuitoa. Sabuni yenyewe miaka ile ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Wakati wa uchumba mama yangu mzazi alidhani ni ugonjwa. Alinivuta nyuma ya nyumba akaniuliza kama nimechunguza vizuri ukoo wao. Nilimweleza habari za fedha na jua, akasema sawa, lakini siku ya harusi nilimwona akiuangalia ule mkono wakati wa kuvishana pete.

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache isipokuwa kwenye kazi yake. Hapo alifunguka. Aliweza kukaa mezani kwangu akanieleza jinsi wanavyoponda maharage kwenye maji ya moto, wakayachuja, wakatia rangi ya njano, kisha wakaachia dawa ya fedha tone kwa tone kutoka kwenye mrija wa kioo wenye alama, mpaka maji yanapogeuka rangi ya tofali. Matone yakiwa mengi, chumvi ni nyingi. Sosi ya nyanya nayo ilitiwa unga mweupe wa kuhifadhi. Ukizidi unadhuru watu, ukipungua chupa zinachacha na kupasuka dukani. Siku moja aliniambia, kama mtu anayetoa siri, kwamba hata ule unga una nusu ya chumvi ndani yake, ile nusu isiyosikika sana ulimini, na kwamba vitabu vyake vinasema mgonjwa wa moyo anapaswa kuuogopa kama chumvi yenyewe. Nilimwitikia "ehe" nikaendelea kumenya ndizi. Mke wa fundi hushiba habari za ufundi kabla ya chakula.

Yeye alipanga chumba mjini, akipanda Jumamosi mchana na kushuka Jumapili baada ya ibada. Mimi nilikaa juu, Kirua Vunjo, kwenye kihamba cha mama yake, shamba la ukoo lenye migomba, pamoja na watoto, ng'ombe na kahawa. Alikuwa kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi, na mama akiwa ndani yake. Mimi nilipewa vyote viwili bila kuulizwa.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi wa kukata. Mara ya kwanza nilipompikia alionja, akameza, akasema, "Kwenu kuna kuni nyingi, eh?" Nilichelewa kuelewa kwamba nilikuwa nimeunguza. Lakini ndiye aliyenifundisha kupika kiburu kinachostahili jina hilo, ndizi na maharage yaliyoiva mpaka hayajulikani lipi ni lipi, na siri ya kiburu ni magadi. Unachukua bonge lake, unaliloweka, unaacha uchafu utulie chini, unamimina maji ya juu kwenye chungu. Machicha anapewa ng'ombe. Bila magadi maharage yatakukalisha jikoni mpaka jioni na mnafu, mboga yetu ya majani, utakuwa mchungu kama shubiri. Wamama wa tambarare waliyaleta sokoni kwenye viroba, nasi tuliyanunua kama tunavyochota maji. Kwetu magadi hayakuhesabiwa kuwa kiungo. Yalikuwa sehemu ya kupika, kama moto.

Mama mkwe alianza kuvimba miguu mwaka ambao mvua za vuli zilikosa. Kwanza viatu vya kanisani vilimkataa, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kwenda ibadani na kandambili, aliacha kwenda. Ukiminya kidole kwenye muundi wa mguu wake, kishimo kilibaki hapo muda mrefu kama alama kwenye unga wa ngano. Tulimpeleka hospitali. Daktari akasema moyo umepanuka na kuchoka, maji yanajaa mwilini. Akampa vidonge vya kukojosha, akanigeukia mimi mpishi.

"Chumvi marufuku," akasema. "Asionje hata chembe. Umenielewa, mama?"

Nilimwelewa. Kichekesho ni kwamba nchi nzima ilikuwa inatafuta chumvi wakati huo. Ilikuwa miaka ile baada ya vita, duka la ushirika lina mwenye duka na rafu tupu, watu wanapanga foleni bila kujua kinachouzwa ni nini. Sisi tukaambiwa tuikimbie.

Chakula kisicho na chumvi si adhabu ndogo kwa mtu aliyepika maisha yake yote. Mama mkwe alionja mtori wangu wa ndizi, akausogeza. Kesho yake akausogeza tena. Aliniangalia kama mtu aliyeibiwa na anayemjua mwizi. Akaanza kukonda usoni huku miguu imejaa, na mimi nikaingiwa na hofu kwamba atakufa njaa mikononi mwangu na watu watauliza nilikuwa wapi.

Basi nikaongeza magadi. Nani asingeongeza? Meno yake yalikuwa yamebaki ya kuhesabu, na magadi yanalainisha. Tena yanakipa chakula mwili, ulimi unaona kwamba kuna kitu. Siku nilipompelekea kiburu kilichokolea magadi alikula bakuli lote, akafuta mdomo kwa upindo wa khanga.

"Hiki ndicho chakula," akasema. "Aika, mwanangu."

Hakuwahi kunishukuru wala kuniita mwanangu kabla ya hapo. Niliondoka na lile bakuli tupu nikiwa na furaha ya kijinga, na tangu siku hiyo mkono wangu haukuogopa magadi.

Miguu haikupungua. Ilipanda, ikafika magotini. Wifi yangu mkubwa, dada wa mume wangu, aliolewa ng'ambo ya mto, na alikuwa kiongozi wa akina mama usharikani. Alikuja kila mara kumwangalia mama yake. Alikuwa akimminya mguu kama anayepima parachichi, kisha ananitazama.

"Anameza vidonge?"

"Anameza, wifi."

"Na chumvi?"

"Sitii."

"Mbona basi anavimba?"

Niliinama kuchochea moto, na mtu aliyeinama hufanana sana na mtu mwenye kosa.

Halafu akaipata chumvi. Ilikuwa pakiti moja, niliyoletewa na jirani aliyekuwa akitembea hadi Tarakea na kurudi na vitu vya ng'ambo ya mpaka. Niliificha darini, ndani ya mahindi, kwa sababu mgambo walikuwa wakipita majumbani wakitafuta mali ya ulanguzi, na kwa pakiti ya chumvi ya Kenya mtu aliweza kulala rumande. Watoto wangu walikuwa wanakula, nao hawakuwa na ugonjwa wa moyo. Wifi alipanda kuchukua mbegu ya maharage, akashuka na pakiti ndani ya khanga yake. Hakupiga kelele. Aliiweka mbele ya mama yake, akaketi.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya watoto," nikasema.

"Chumvi ya watoto ndiyo inafichwa kwenye mahindi?"

"Na mgambo je, wifi? Ulitaka niitundike mlangoni?"

"Mgambo wanatafuta magunia," akasema. "Hii ni ya mtu anayemficha mtu wa ndani."

Mama mkwe aliitazama ile pakiti, kisha akanitazama mimi. Mpaka leo sijui alifikiri nini. Labda alifikiri tu kwamba angependa chembe moja.

Habari ilitangulia kila nilipokwenda. Mashineni, wanawake waliokuwa wakicheka walinyamaza nilipotua debe langu. Mmoja alinisogeza mbele kwenye foleni, na hakufanya hivyo kwa wema, alitaka niondoke haraka. Kwetu mwanamke husamehewa uvivu, husamehewa hata ulevi wa mbege. Lakini mkamwana anayemlisha mama mkwe kitu ili arithi jiko, huyo anarudishwa kwao, na anarudi bila watoto. Nilikuwa na watoto wanne. Usiku nilihesabu vichwa vyao kitandani kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Jumamosi mume wangu alipopanda, dada yake alikuwa akimsubiri kituoni. Waliingia pamoja. Nilikaa, nikasubiri aseme kile mke yeyote angesubiri: kwamba ananijua, kwamba siwezi. Alivua kofia, akaishika kwa vidole vyake vyeusi akiizungusha.

"Nitapima," akasema.

Nilisubiri aongeze neno jingine. Hakuongeza. Nilimchukia hapo hapo, na naliandika kama lilivyokuwa, kwa sababu miaka haijalipunguza. Alikuwa ameulizwa juu ya mke wake, akajibu juu ya chakula.

Hakusema atapima lini. Alikuja Alhamisi, siku isiyo yake, ili nisijiandae, na wifi nyuma yake. Mimi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Niliporudi nilikuta kifuniko cha chungu kimefunuliwa na kiburu cha mama yake kimechotwa kikombe kizima. Mezani, juu ya kitambaa changu cha kufuma, alikuwa amepanga vitu vyake alivyovifunga kwenye magazeti: mrija wa kioo, chupa tatu za kahawia, karatasi za kuchujia, maji safi kwenye chupa ya soda.

Akaponda, akatia maji ya moto, akachuja. Akachovya kipande cha karatasi, kikabadilika rangi, akatikisa kichwa. Kisha akadondosha asidi. Maji yakatoa povu. Povu lilipanda mpaka ukingoni mwa glasi, likinong'ona, na wifi akasogeza kiti nyuma.

"Ni nini hicho?" akauliza. Nilijua anatarajia nini.

"Magadi tu," mume wangu akasema. "Yanasumbua kipimo. Lazima niyaue kwanza."

Tukakaa tukisubiri magadi yafe. Aliongeza tone, povu likapanda tena, akasubiri, akaongeza jingine. Alikuwa na subira ya ajabu katika mambo hayo. Mama mkwe alikuwa akimwangalia mwanawe kutoka kwenye kiti chake karibu na moto.

"Unapika nini wewe?"

"Napima chumvi, Mama."

"Si uonje tu?"

Mtoto wangu wa pili alicheka, nikamtoa nje. Povu lilipokwisha kabisa na maji kutulia, mume wangu alitia rangi ya njano, akafungua mrija. Tone moja, mawili, machache tu mengine, na maji yakageuka rangi ya tofali. Akafunga. Akatazama alama, akatazama tena.

"Hakuna chumvi," akasema. "Kiasi hiki kipo hata kwenye maji ya mfereji."

Nilitarajia nitalia, nikajikuta nina hasira. Lakini alikuwa bado hajamaliza. Alifungua kopo la maharage la kiwandani kwao, alilokuja nalo kwa kulinganisha, na hapo matone yalikwenda na kwenda mpaka nikachoka kuyatazama. Kisha akauliza kuna nini kingine anachokula mama. Nikanyanyuka taratibu, nikaleta chupa ya sosi ya nyanya kutoka kabatini. Wifi ndiye aliyekuwa akimletea mama yake, ya kuongeza damu. Mama alipenda kuilamba kwenye kijiko kama uji.

Matone yakaenda. Mume wangu hakumtazama dada yake. Alisema tu kwa sauti ya kikazi kwamba sosi ina chumvi, na zaidi ya chumvi ina ule unga wa kuhifadhi, ambao nao una sodiamu ndani yake, na kwa mgonjwa wa moyo vyote viwili ni vibaya.

"Basi wifi," nikasema, "ule mkono tuliokuwa tunautafuta, kumbe tunao hapa hapa."

Sikujizuia. Wifi aliichukua chupa yake, akaifunga kwenye khanga, akaondoka bila kuaga. Kesho yake mashineni wanawake walinisalimia. Mume wangu aliponiaga kwenda mjini alinishika bega, akauacha mkono hapo kidogo. Nikafikiri yamekwisha. Tumempata mwizi, chupa imetupwa, sasa miguu itashuka.

Haikushuka. Sosi ilikuwa kijiko. Mimi nilikuwa chungu kizima. Kila Jumamosi mume wangu alipanda na kikapu chake, akachota, akaponda, akaua povu, akapima, akasema hakuna. Ikawa kama ibada ya nyumbani. Majirani walipita kuangalia, na mmoja alileta dagaa wake wapimwe kwa kuwa mumewe alilalamika. Kwa upande wangu, kila kipimo kilivyonitakasa nilizidi kuwa na uhakika wa mkono wangu. Ulimi wa mama mkwe ulikuwa unafifia, akasema chakula hakina kitu. Nikakoleza. Kiburu changu cha wiki zile kilikuwa cha rangi ya udongo, kinateleza, na povu lake kwenye glasi lilimwagika mpaka kwenye kitambaa. Mume wangu alilifuta kwa leso.

"Mama watoto, umeyakaza magadi," aliniambia siku hiyo.

"Ndiyo anayoyapenda," nikasema.

"Sawa," akasema. "Mradi si chumvi."

Asubuhi moja nilimkuta mama mkwe amekaa kitandani, mgongo ukutani, mdomo wazi. Hakuweza kulala chali. Kila akilala maji yalimpanda. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Chama cha ushirika kilituazima pikapu, tukamlaza nyuma juu ya godoro, mimi nikimshika ili barabara isimrushe, naye akinishika kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Mume wangu alitukuta hospitali, akitokea kazini na koti lake jeupe.

Daktari safari hii alikuwa kijana, mtu wa kutoka Kanda ya Ziwa, mwenye Kiswahili cha polepole. Aliminya miguu, akaminya tumbo, akasoma cheti cha zamani.

"Chumvi mliacha?"

"Tuliacha kabisa," mume wangu akasema. "Nimekuwa nikipima mwenyewe. Ni kazi yangu." Akaeleza njia yake, dawa ya fedha, rangi ya tofali, hata kiasi. Daktari alisikiliza kwa heshima. Kisha akanigeukia.

"Mama, unampikia nini?"

"Kiburu," nikasema. "Mtori. Mnafu."

"Unatia nini humo?"

"Ndizi na maharage. Mafuta kidogo. Magadi."

"Magadi kiasi gani?"

Nikamkunjulia kiganja, nikamwonyesha ukubwa wa bonge. Ilinichukua muda kuona kwamba hakuwa akitazama kiganja changu tena. Alikuwa akimtazama mume wangu.

"Wewe ni mtu wa maabara," akasema taratibu. "Magadi ni nini?"

Mume wangu alifungua mdomo. Niliona jibu likimfikia kabla hajalitamka. Lilimfikia kwanza machoni, likashuka mabegani.

"Sodiamu," akasema.

Daktari hakumkaripia. Alinieleza mimi, kwa maneno ya kawaida, kwamba kinachovuta maji mwilini si ule ukali wa chumvi tunaousikia. Ni nusu yake nyingine, na nusu hiyo imo kwenye magadi tele, pengine kuliko kwenye chumvi niliyomnyima. Kipimo cha kiwandani kinashika ile nusu ya kwanza tu. Nilisikia yote, lakini nilichokiona ni glasi mezani kwangu, na mume wangu akisubiri povu life. Jambo lililokuwa likimwua mama yake lilipanda mbele ya macho yetu kila Jumamosi, likanong'ona, naye akaliondoa kwa uangalifu ili apime vizuri.

Walimkamua maji kwa sindano mpaka akaweza kupumua, wakatupa vidonge vingine. Tulipokuwa tunaondoka daktari alisema hatatudanganya. Moyo umefika mwisho. Tunaweza kumpunguzia, hatuwezi kumrudisha.

Mume wangu alichukua likizo, akapanda nasi. Jambo la kwanza alilofanya ni kukusanya magadi yote, ya jikoni na ya zizini, akayafungia kwenye sanduku lake la bati. Ng'ombe alilamba pale palipokuwa na machicha mpaka ubao ukawa mweupe. Alisimama karibu na chungu changu nikipika. Alionja mwenyewe kabla ya mama yake.  Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hasira yenyewe ilikaa tu, kama mgeni asiyeaga.

Siku ya tatu nikamuuliza, tukiwa migombani.

"Umewaambia dada zako?"

"Bado."

"Utawaambia lini?"

"Niwaambie nini?" akasema. "Nikisema magadi, watasikia nini? Watasikia kwamba ulikosa chumvi ya kumdhuru ukatumia magadi."

"Na wewe watasikia kwamba ulikuwa unapima nini, Baba watoto?"

Aliinama akaokota ganda la mgomba, akalirarua vipande vyembamba, vyote vya ukubwa mmoja.  Na mimi sikwenda ng'ambo ya mto kumwambia wifi, ingawa miguu ilijua njia.

Mama mkwe alionja kiburu kisicho na chumvi wala magadi, maharage yake magumu kama kokoto. Alikitema kwenye kiganja chake, akakitazama.

"Nimekukosea nini?" akaniuliza. Hakuwa akinitania. Alitaka kujua. "Ulikuwa unanipikia vizuri. Nimefanya nini?"

"Daktari amekataza, Mama."

"Daktari alikataza chumvi."

"Na magadi pia."

"Magadi," akasema, kama mtu aliyeambiwa daktari amekataza asubuhi. "Mama yangu alinilisha magadi kabla sijaota meno."

Akaacha kula. Vidonge alikubali, maji alikubali, chakula alifunga mdomo. Nilikwenda kwa jirani, nikaomba bonge dogo, nikampikia. Mume wangu alisikia harufu akiwa uani. Aliingia, akabeba chungu kwa vitambaa viwili, akakimwaga migombani. Kuku wakakimbilia. Alirudi akakiweka chungu mahali pake kwa adabu.

"Unataka kumwua?" akaniuliza. Wote wawili tulisikia swali hilo lilivyotoka.

"Amekwisha kufa, wewe," nikamwambia. "Bado njaa tu."

Mama yake alikuwa amesikia kutoka kitandani. Mchana ule hakutazama upande wa mwanawe. Siku iliyofuata hakunywa hata maji, na alipoongea aliongea na mimi peke yangu, akitaja vyakula: kiburu cha msiba wa baba yake, mnafu wa wakati wa njaa, mtori aliopikiwa alipomzaa huyu kitinda mimba. Hakuwa akiomba tena. Alikuwa akikumbuka, na hilo lilikuwa baya zaidi kulisikia.

Nikapika tena. Sikujificha. Niliomba bonge kamili kwa jirani, nikaliloweka mbele ya mume wangu, nikamimina maji ya juu, naye ameketi kwenye kigoda akinitazama tangu maharage yalipoanza kuchemka mpaka yalipolegea. Rangi ya udongo ikaja, na ile harufu. Nilipopakua alinyanyuka. Nilishika bakuli kwa mikono miwili nikijiambia kwamba safari hii atalazimika kuninyang'anya mbele ya mama yake.

Alilichukua. Akavuta kigoda mpaka kitandani, akachota kwa ncha ya kijiko, akagusisha mdomoni mwake kuangalia moto. Kisha akampa mama yake. Mama mkwe alifunga macho. Alikiviringisha kinywani muda mrefu, akameza, akafungua mdomo tena kama kifaranga.

Wifi aliingia wakati huo, na mkungu wa ndizi mbivu kichwani. Alikuwa hajatia mguu kwetu tangu siku ya ile chupa. Aliutua mkungu, akaona mama yake anakula, akaona rangi ya kile kijiko, akaja mpaka kitandani. Akaminya mguu uliokuwa umejaa kuliko wakati wowote. Akanitazama, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Hicho kina chumvi?"

Nilisimama nikisubiri. Kulikuwa na mambo mawili ya kusema, na yote mawili yalikuwa yake. Angeweza kusema lile la hospitali, la glasi na povu na Jumamosi zote zile, nasi tungeanguka pamoja. Mkono wake wenye vidole vyeusi ulikuwa umebeba kijiko katikati ya njia.

"Hakina," akasema. "Nimekipima mwenyewe."

Wifi akashusha pumzi, akavua kitambaa cha kichwani, akaketi miguuni kwa mama yake. Mama mkwe alifungua mdomo. Mume wangu akamlisha, akachota kijiko kingine, na mimi nikatoka nje kutafuta kuni.